Mama Eunice na Mbwa Aliyesingiziwa

Verediana alipoolewa Mpepai, alipanda mlima na sanduku la nguo, sufuria tatu na furushi la nyavu chakavu. Nyavu zile zilinuka usipa, dagaa wa ziwani, kiasi kwamba dereva wa lori alikataa zipakiwe karibu na magunia ya unga. Mama mkwe wake, Albina, alimpokea uani kwa vigelegele, kisha akalitazama lile furushi, akaziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Mwanangu, hizi za nini? Huku kwetu hakuna ziwa."

"Lakini mwewe wapo, mama," alijibu Verediana kwa adabu, macho akiyainamisha.

Habari za mwewe alizipata kwa Izidori, mumewe, tangu wakiwa wachumba, alipokuwa akiteremka Mbaha, kijijini kwao Verediana ziwani, kununua samaki. Izidori alimsimulia jinsi mama yake anavyoangua vifaranga kumi na wawili na kubaki na wawili, wengine wote wamepaa na mwewe. Verediana alisikiliza, na moyoni akajua la kufanya. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo binti yake ndiye aliyekaa naye kivulini kushona nyavu kwa sindano ya mti, tangu vidole vikiwa vidogo hata fundo likawa linamponyoka. Nyavu zikichakaa mno hata haziwezi tena kushika samaki, mama yake alizitandaza juu ya vifaranga.

Wiki ya kwanza ya ndoa alikata mianzi, akasimika nguzo nane nyuma ya jiko, akatandaza wavu juu yake na kuukaza pembeni. Majirani walipita wakicheka. Wengine waliuliza kama bi harusi anataka kuvua kuku. Siku ya nne mwewe alikuja kama alivyozoea, akazunguka, akazunguka tena, halafu akajiachia kama jiwe. Akagonga wavu, akarushwa juu, akapigapiga mabawa kwa aibu ya ndege aliyezoea kushinda, akaondoka na kuacha unyoya mmoja ukining'inia. Albina alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia siku hiyo hakumwita tena "yule Mnyasa." Alimwita mkwe wangu, na mtoto wa kwanza alipozaliwa akaitwa Eunice, akamwita Mama Eunice kama watu wengine wote.

Miaka ishirini na minne imepita tangu hapo. Katika miaka hiyo Mama Eunice alijifunza mambo ya kuku ambayo ziwani hakuyajua. Alijifunza kwamba kuku anayeacha mayai yake kabla ya wakati si mwendawazimu, anakimbia utitiri. Ukitia mkono katika kiota na kuuona umejaa vidudu vidogo kama vumbi linalotembea, basi majani yote ya kiota ni ya kuchomwa, nyufa za ukuta ni za kupitishiwa mwenge wa moto, na kiota kipya kitandikwe juu ya majivu. Alijifunza njia za siafu na mahali pa kuwamwagia majivu ya moto kabla hawajafika bandani. Afisa mifugo wa kata alimfundisha kutoa chanjo ya mdondo, na kila baada ya miezi mitatu alizunguka kitongoji kizima alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, akidondosha tone moja katika jicho la kila kuku. Nyumba zilizokuwa zikipoteza kuku wote kwa wiki moja sasa zilikuwa na jogoo wa kumkaribisha mgeni.

Watu walimwita daktari wa kuku. Hakukataa. Alijua anachokijua, na hakuona sababu ya kujifanya hajui.

Mwaka jana, baada ya mavuno mazuri ya kahawa, Izidori alimjengea banda jipya la matofali ya kuchoma, lenye mlango wa mbao na madirisha ya wavu wa waya. Ulikuwa ujenzi wa kupendeza. Matofali yaliyobaki yalipangwa nyuma ya banda, lundo la kimo cha kiuno, yakisubiri kazi nyingine. Nyavu za Mbaha, zilizoshonwa upya mara nyingi mno, ziliendelea kufunika ua wa vifaranga.

Mwaka huu, mwezi wa sita, kahawa ilipoiva na kila mwenye mikono akawa shambani kutwa, kuku walianza kupotea. Kwanza mayai. Halafu vifaranga, mmoja leo, wawili kesho. Halafu mtetea mmoja akatoweka kabisa, na kwa majirani watatu mambo yakawa yale yale. Ajabu ni kwamba yote yalitokea mchana, jua likiwaka. Mama Eunice alikagua wavu fundo kwa fundo. Ulikuwa mzima. Angani hakukuwa na mwewe.

Jumamosi moja, akitoka shambani na kikapu cha kahawa mbivu kichwani, alikutana na mbwa wa Mzee Florian kwenye kijia. Mbwa yule aliitwa Watasema. Alikuwa mwekundu, mwenye sikio moja lililopasuka, na mdomoni alikuwa amebeba mguu wa kuku wenye kucha zake zote.

Mama Eunice alisimama pale pale. Alijiona mjinga kwa kutofikiria jambo rahisi namna hiyo.

Kesho yake, baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama mbele ya kigango wakisalimiana, alilisema waziwazi. "Jamani, tusisumbuke kumtafuta mwizi. Ni mbwa wa Mzee Florian. Nimemwona kwa macho yangu."

Angesema mtu mwingine, wangebishana mpaka jua litue. Lakini alisema Mama Eunice, na kwa habari ya kuku neno lake lilikuwa la mwisho. Ladislaus, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye naye alikuwa amepoteza mayai ya kutosha, alitoa uamuzi palepale. Alhamisi asubuhi wakutane nyumbani kwake. Ikifika siku hiyo Watasema awe amehamishwa kijijini, la sivyo atauawa.

Mzee Florian alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Umri wake ulikuwa umepita sabini, na mkewe alikuwa amefariki miaka mitano iliyopita. Mbwa yule ndiye aliyemlindia mahindi yasiliwe na ngedere.

"Ule mguu aliuokota," alisema. "Watasema hajawahi kukamata kuku wa mtu. Nitamfunga kamba tangu leo, mtaona wenyewe."

Alivaa kofia, akashika njia ya kwake.

Jumanne mchana Mama Eunice alirudi nyumbani kuchukua maji ya kunywa ya wachumaji. Alipopita karibu na banda aliona pamekuwa kimya kuliko kawaida. Akafungua mlango. Mtetea wa rangi ya kahawia, aliyekuwa akiatamia kwa siku kumi na tano, alikuwa amelala juu ya kiota chake, kichwa hakipo, shingo imetafunwa, mwili wote mzima. Mayai matatu yalikuwa yamepasuliwa kwenye jiwe la msingi, damu na ute vimetiririka ukutani.

Papo hapo, kutoka ng'ambo ya kibonde, alimsikia Watasema akibweka. Ilikuwa sauti ya mbwa aliyefungwa, ile ya kurudiarudia, isiyosogea mahali.

Mama Eunice alichutama kando ya kiota. Akambeba yule mtetea kwa mikono miwili, akampeleka kwa Albina, ambaye siku hizi alishinda mlangoni akichambua maharage, macho yake yakiwa bado makali kwa mambo ya karibu. Mama mkwe alimgeuza kuku, akapuliza manyoya ya shingoni.

"Mbwa gani huyu mwenye mdomo mdogo hivi?"

Yalikuwepo matundu mawili ya meno. Mama Eunice alichomoa punje ya kahawa iliyokuwa imenasa kwenye kitenge chake, akaiweka kati ya tundu na tundu. Ilienea kasoro kidogo tu. Jino la Watasema lilikuwa nene kama kidole cha mtoto. Tena mbwa angembeba kuku mzima akamlie mbele. Mbwa hali kichwa akaacha mapaja.

"Mama," alisema polepole, "nimemsingizia mzee wa watu."

"Umemsingizia," alikubali Albina, akairudisha sinia ya maharage mapajani. "Sasa?"

Jioni ile Mama Eunice alichekecha majivu ya jikoni mpaka yakawa laini kama unga, akayatandaza mbele ya mlango wa banda na kuzunguka kuta zote. Asubuhi ya Jumatano wengine walipobeba vikapu kwenda shambani, yeye alibaki.

"Na kahawa je?" aliuliza Izidori.

"Kahawa itangoja leo, Baba Eunice. Kesho ni Alhamisi."

Izidori alimfahamu mkewe. Alichukua vikapu viwili, chake na cha mkewe, akaenda.

Mama Eunice aliwafungulia kuku wote watoke, akaweka yai moja katikati ya majivu, akaingia jikoni na kukaa kwenye kigoda nyuma ya dirisha. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Jogoo aliwika, akanyamaza. Jua lilipopanda vizuri na umande kukauka, kitu kilitikisika kwenye lundo la matofali. Kichwa kidogo chembamba kikachomoza kati ya tofali na tofali. Kikatazama kulia, kikatazama kushoto. Kisha akatoka mwenyewe, mnyama mrefu kama mkono wa mtu, rangi ya udongo mwekundu, mkia una ncha nyeusi. Akasimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayechungulia juu ya ua.

Nguchiro.

Akatembea juu ya majivu bila haraka, akalibingirisha yai mpaka penye jiwe la msingi, akaligeuzia mgongo, akalirusha nyuma kwa kulipitisha katikati ya miguu. Yai likapasuka. Akalamba. Kutoka kwenye lundo wakafuata wadogo wawili, wakigombania ganda.

Mama Eunice aliona masikio yake yanapata moto. Lundo lile lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyemwambia Izidori ayapange matofali pale, karibu na banda, ili yasichukuliwe. Alimjengea nguchiro nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye vyumba, hatua tatu kutoka jikoni kwake. Nguchiro alipoingia lundoni tena, Mama Eunice alitoka kwenda kuangalia, akakuta pale udongo ulipokuwa umetitia chini ya msingi kuna mwanya wa kuingiza ngumi. Miaka yote ile macho yake yalikuwa juu, kwa mwewe. Chini hakuwa amepatazama.

Hakuingia ndani kufikiri. Alifunga kitenge vizuri, akavuka kibonde.

Mzee Florian alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, akinoa panga. Watasema alikuwa amefungwa kwenye mti wa mparachichi, bakuli lake la ugali halijaguswa.

"Shikamoo, Mzee."

Panga lilipita juu ya jiwe mara mbili, mara tatu. "Marahaba."

Hakumkaribisha kiti. Mama Eunice alibaki amesimama.

"Nimekuja kukuambia nimekosea. Si Watasema. Ni nguchiro, na amezaa kwenye matofali yangu mwenyewe. Nimemwona sasa hivi."

"Jumapili pia ulisema umeona kwa macho yako."

"Ndiyo, Mzee. Nilisema hivyo."

"Leo unaniambia mimi peke yangu. Waliosikia Jumapili walikuwa kigango kizima."

"Kesho nitawaambia wote. Nimeanza kwako kwa sababu wewe ndiye niliyekukosea." "Na ninaomba msaada. Tukiyaondoa yale matofali, atatafuta tundu jingine karibu. Anahitaji kufukuzwa na mtu anayejua harufu yake."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mtu?"

"Watasema."

"Unamwomba kazi mbwa uliyemhukumu kifo."

"Namwomba."

Mzee Florian aliweka panga chini. Alitazama mbwa, akatazama milima ya ng'ambo, kisha akasema kwamba atamleta, lakini atamleta mbele ya watu, baada ya maneno kusemwa, si kabla. Mama Eunice akaitikia. Lilikuwa sharti la haki.

Alhamisi watu walikuwa wengi uani kwa mwenyekiti kuliko ilivyotarajiwa. Kesi ya mbwa ilikuwa imewavuta hata wasio na kuku. Ladislaus alipofungua kikao na kuuliza kama mzee ametii, Mama Eunice alisimama kabla mzee hajajibu.

"Mwenyekiti, mimi ndiye niliyeanzisha neno hili, naomba nilimalize. Mbwa hana kosa. Kosa ni langu."

Minong'ono ikazuka. Ladislaus akakunja uso. "Mama Eunice, si wewe uliyesema umeona?"

"Niliona mguu wa kuku mdomoni mwa mbwa. Sikumwona mbwa akikamata kuku. Yaliyo katikati nilijijazia mwenyewe." "Mzee Florian, mbele ya hawa wote, naomba unisamehe."

Mzee aliinamisha kichwa kidogo. Hakusema amesamehe wala hajasamehe.

"Sasa," Mama Eunice akaendelea, "anayetaka kumwona mwizi mwenyewe anifuate."

Walimfuata wote. Aliwaonyesha nyayo kwenye majivu, ndogo, zenye kucha zilizochora mistari mbele ya vidole. Aliwaonyesha punje ya kahawa na jinsi alivyopima. Akawapanga wanaume wanne kwenye lundo, akamwomba mzee amfungue mbwa. Watasema alinusa majivu, akanusa mwanya wa msingi, akaenda moja kwa moja kwenye matofali, manyoya ya shingoni yamesimama, akaanza kufukua.

Safu ya tatu ilipoondolewa, nguchiro alichomoka. Alipita katikati ya miguu ya Ladislaus, ambaye aliruka juu ya kinu akasahau uenyekiti wake. Wadogo wawili walifuata kama vivuli. Watasema aliwaandama wote wakipita mibuni, wakashuka bondeni mpaka kwenye vichaka vya mto, akarudi baada ya muda mrefu, ulimi nje, matope hadi tumboni, mdomo mtupu.

"Tuwafuate tukawaue?" aliuliza kijana mmoja aliyeshika rungu.

"Huko mtoni ana panya na nyoka wa kumtosha," alisema Mama Eunice. "Akila panya anatusaidia. Sisi tumfungie mlango."

Na kufunga mlango ndiyo ikawa kazi ya wiki ile. Izidori alichimba mtaro kuzunguka banda, kina cha mkono hadi kiwiko, wakashindilia mawe na juu yake wakapanga yale matofali, yakawa sakafu nyembamba inayozunguka banda, ambayo mnyama hawezi kufukua. Wavu mwingine wa waya wakauzungusha ukutani mpaka chini na kuukunja kuelekea nje. Majani wakayafyeka hatua tano kila upande, maana nguchiro hapendi kuvuka uwazi. Mayai yakawa yanaokotwa adhuhuri na jioni. Ladislaus alikuja kutazama siku mbili mfululizo, siku ya tatu akaja na koleo kujifunza, na baada yake wakaja wengine. Mama Eunice alikwenda kila nyumba iliyomwita, na kila alikokwenda alianza kwa kulala kifudifudi na kuchungulia chini ya msingi, kitu ambacho mwanzo kiliwachekesha watu, baadaye wakawa wanalala naye.

Tangu hapo hakupotea kifaranga hata mmoja mchana. Mwezi wa tisa ua ulijaa matetea wadogo wenye miguu mirefu, na Albina alilalamika kwamba hawezi tena kuanika maharage kwa raha.

Mzee Florian alikaa kimya majuma mengi. Kanisani aliitikia salamu, basi. Mama Eunice hakumsumbua. Alijua kwamba aibu aliyompa mbele ya kigango haiwezi kuondoka kwa kikao kimoja, na hakutaka kumharakisha ili yeye mwenyewe apate nafuu.

Kisha asubuhi moja ya Jumatatu mzee alitokea uani, Watasema nyuma yake, na tenga kwapani. Alilitua, akafungua. Ndani mlikuwa na kuku watatu, matetea wawili na jogoo mchanga, wote wamekodoa macho kwa huzuni, na kuzunguka macho yao weusi umeganda kama mbegu za mchicha.

"Nimewanunua juzi Mbinga sokoni," alisema, bila salamu ndefu. "Tangu jana hawali. Nimeambiwa ni upofu."

Mama Eunice alimchukua jogoo, akamgeuzia juani. "Si upofu, Mzee. Ni viroboto. Wameng'ang'ania, usiwavute, utachuna ngozi." Akaingia jikoni, akatoka na kijiko cha mafuta ya kula na unyoya. Akachovya, akapaka taratibu pembezoni mwa jicho, kwenye upanga wa kichwani na chini ya mdomo, akiangalia yasiingie jichoni. "Mafuta yanawaziba pumzi. Utapaka leo, kesho na keshokutwa. Na pale unapowalaza, fagia vumbi lote, mwaga majivu. Viroboto wanazaliana kwenye vumbi, si kwa kuku."

"Nionyeshe tena," alisema mzee.

Akamwonyesha tena. Mzee alivuta kigoda, akakaa, akampakata tetea wa kwanza mapajani kwa mikono yake mikubwa ya mkulima, akachovya unyoya.

"Hivi?"

"Polepole kidogo. Mshike mabawa asitapetape. Hivyo hivyo."

Alipaka jicho moja, akapaka la pili. Albina aliagiza chai iletwe, na vikombe vikaja vitatu. Mzee hakunyanyua kichwa.

"Na hilo banda ninalotaka kuwajengea," alisema, akimgeuza kuku upande wa pili, "utakuja lini kunichungulia msingi? Sitaki kujenga mara mbili."

"Leo jioni, nikimaliza kahawa."

"Njoo na Baba Eunice. Matofali ninayo, ila mgongo hauniruhusu."

Akamrudisha tetea tengani, akanyoosha mkono kumchukua wa tatu.